Sarafu Zilizogongwa Mihuri

Leo jioni nimepanga upya sarafu zangu za fedha za enzi ya Wahispania, na zile zilizogongwa mihuri ya Kichina, ambazo wakusanyaji wengi huziona zimeharibika na kuzilipia kidogo, nimeziweka safu ya mbele.

Ni sarafu za reale nane (reale ilikuwa pesa ya Hispania), kila moja yenye uzito wa gramu 27 hivi, zilizofuliwa mjini Mexico zikiwa na kichwa cha Mfalme Carlos wa Tatu wa Hispania au cha mwanawe, Carlos wa Nne. Fedha ya aina hii ilivuka Pasifiki kwa merikebu kutoka Acapulco hadi Manila, ikaishia China kununua hariri na vyombo vya kauri. Mfanyabiashara wa huko hakutosheka na sura ya mfalme. Aliipima sarafu, akaichunguza, ndipo akaigonga muhuri wake kuthibitisha kwamba fedha ni halali.

Shaka yake ilikuwa na msingi. Mwaka 1772 Hispania ilibadili umbo la sarafu hizi na papo hapo, kwa siri, ikapunguza fedha safi kutoka sehemu 917 katika 1,000 hadi takriban 903. Mwaka 1786 ikapunguza tena hadi takriban 896. Hata sura ilidanganya: Carlos wa Tatu alifariki Desemba 1788, lakini sarafu za Mexico za 1789 na 1790 zina jina la mwana na uso wa baba, kwa kuwa picha mpya ilikuwa haijafika.

Mimi nami siamini upesi, maana za bandia zimejaa sokoni. Baada ya mizani hutazama ukingo, wenye nakshi ya duara na mistatili inayopishana. Nakshi halisi hupandana sehemu mbili zinazokabiliana, jambo ambalo waghushi wengi hulisahau.

Ninayoitafuta sasa ni ya zamani zaidi, ya Potosí, mji wa migodi ya fedha katika Bolivia ya leo. Katikati ya karne ya 17 ilibainika kwamba kiwanda cha huko kilikuwa kikichanganya shaba kupita kiasi. Francisco Gómez de la Rocha, mfanyabiashara wa fedha aliyehusika na udanganyifu huo, akanyongwa mwaka 1650, na sarafu zilizokwisha kusambaa zikagongwa alama ya taji na kushushwa thamani. Safari hii mgonga muhuri alikuwa mfalme mwenyewe, na sarafu hizo wakusanyaji huzilipia vizuri.