Jaji Ozaki, balozi aliyeongoza kesi ya Uhuru

Tarehe 8 Oktoba 2014 Wakenya wengi bado tunaikumbuka, rais wetu wakati huo Uhuru Kenyatta amemwachia naibu wake Ruto madaraka kwa muda (Ruto ambaye naye alikuwa na kesi yake hukohuko) akaenda Hague kwa kesi yake ya ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, rais wa kwanza aliye madarakani kufika mbele ya ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Lakini ukiuliza nani alikuwa anaongoza lile jopo, wachache watakutajia jina. Ni mama wa Kijapani, Kuniko Ozaki.

Huyu mama hakuanzia kazi mahakamani. Ni mtu wa wizara ya mambo ya nje ya Japani miaka mingi, halafu akawa Vienna kwenye ile ofisi ya UN ya dawa za kulevya na uhalifu. Mwaka 2009 Fumiko Saiga, naye mwanadiplomasia na Mjapani wa kwanza kuwa jaji ICC, akafariki, Ozaki akachaguliwa kujaza nafasi hiyo, akaapishwa Januari 2010. Sheria inaruhusu, manake ICC majaji wanatoka kwenye orodha mbili, moja ya wazoefu wa kesi za jinai na nyingine ya wabobezi wa sheria za kimataifa.

Sasa mtu aliyezoea kutafuta njia ya katikati ili kila upande uridhike, atamkatalia rais? Oktoba 2013 mawakili wa Uhuru waliomba asihudhurie vikao vingi kwa sababu ya kazi ya urais, majaji wawili wakakubali kwa masharti, Ozaki akabaki peke yake akisema hapana, mshtakiwa kuwepo kortini ndiyo kanuni. Mwezi uliofuata jopo likageuza uamuzi. Mimi hapo nilimheshimu sana, na bado namheshimu.

Na msimamo huohuo ukaja ukaugusa upande wa mashtaka. Waliomba kesi iahirishwe tena, na Desemba 2014 jopo likakataa, likawapa wiki moja waseme kama wana ushahidi wa kutosha au waondoe mashtaka. Tarehe 5 wakaondoa. Iliwauma sana wahanga wa 2007 na 2008, lakini kumweka mtu kwenye kesi bila ushahidi nayo si haki.

Halafu ikaja ya Bosco Ntaganda, kiongozi wa waasi wa Kongo, mambo ya Ituri huko mashariki mwa Kongo, mashahidi wengi wanaongea Kiswahili cha Kongo na wakalimani wanahangaika kukipeleka Kiingereza na Kifaransa. Mapema 2019, kesi imeisha kusikilizwa ila hukumu bado, Ozaki akaomba asiwe jaji wa muda wote, na Japani ikamteua balozi wake Estonia. Majaji wenzake wengi wakasema sawa, watatu wakakataa, mawakili wa Ntaganda wakataka aondolewe kwenye kesi.

Hapa simtetei hata kidogo. Mama aliyeacha kijiji chake akaenda kusimulia alichofanyiwa anastahili jaji ambaye hapokei maagizo ya serikali yoyote, na mshtakiwa pia anastahili hivyohivyo. Kungoja hukumu ndiyo uchukue ubalozi kungegharimu nini?

Kelele zilipozidi ubalozi akauacha, akabaki kwenye jopo. Julai 2019 Ntaganda akapatikana na hatia, Novemba akapewa miaka 30, na majaji wa rufaa hawakukubali kwamba ishu ya Estonia inatosha kuitengua ile hukumu.