Makutano ya Sigi na Kihuhwi

Jana jioni mwanangu aliweka daftari lake la jiografia mezani, akaniuliza kwa nini Kihuhwi unaitwa tawimto na Sigi unaitwa mto, ilhali katika ramani aliyoichora mistari yote miwili ina unene uleule. Nilimweleza kwamba mito miwili inapokutana, ule unaobaki na jina lake mpaka baharini ndio huhesabiwa kuwa mkuu. Aliridhika, akaendelea kupaka rangi ya buluu, nami mawazo yakanipeleka makutanoni, nikiwa na Babu, mwaka 2004, masika yakielekea kwisha.

Tulikuwa tumeteremka kutoka Amani kwenda msibani, na safari yenyewe haina la kusimulia. Babu aliujua Sigi kwa vijito vyake: Dodwe, Muzi, na vingine ambavyo ramani haiviandiki, vinavyoitwa kwa jina la mwenye shamba vinamopita. Mvua ya Amani, karibu milimita 1,900 kwa mwaka, huletwa na upepo wa bahari unaolazimika kupanda milima ya Usambara Mashariki na kupoa. Babu hakuhitaji takwimu hiyo. Alichojua ni kwamba udongo wa msituni huimeza mvua na kuitoa polepole, ndiyo maana vijito vyetu vilitiririka hata wakati wa kiangazi.

Siku ile Kihuhwi ulikuja na maji yake ya kawaida, mawe yakionekana chini. Sigi ulikuwa na rangi ya tofali bichi. Mvua ilikuwa imekatika kwa siku kadhaa, kwa hiyo halikuwa tope la mafuriko. Mito ile ilipokutana haikuchanganyika mara moja; ilikwenda sambamba, mstari kati yao umenyooka, kisha wekundu ukaanza kupenya upande wa pili kidogo kidogo, hata kufika kwenye kona maji yote yakawa ya rangi moja. Babu alivua viatu, akakunja suruali, akaingia hadi magotini pale mstari ulipopita. Mguu wake wa kulia niliuona mpaka kwenye kucha. Wa kushoto ulikatikia gotini. Alisimama hivyo muda mrefu, akiitazama miguu yake, mpaka nikaogopa kwamba anaumwa.

"Babu, toka, utateleza," nilimwambia.

"Mjukuu wangu," alisema bila kugeuka, "kule juu wanaosha mlima. Na watu wa Tanga wanayanywa haya."

Alikuwa akisema juu ya wachimbaji wa dhahabu waliofurika Sakale, kijiji cha huko juu milimani, tangu mwaka uliotangulia, wakichimbua kingo na sakafu za vijito na kuosha udongo kwa makarai. Na kweli, Sigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978, ambalo jiji la Tanga hulitegemea kwa maji. Tope likiingia bwawani hutuama, nafasi ya maji hupungua, na kuyasafisha huwa kazi kubwa zaidi. Zebaki, ambayo wachimbaji wadogo huitumia kukamatia dhahabu, ndiyo iliyotisha watu kuliko tope, maana haionekani kwa macho.

Baadaye serikali iliwaondoa wachimbaji. Ningependa kuishia hapo, lakini kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alikuwa mmoja wao, na ada yangu ya mwaka ule ilitoka kwenye karai lake. Babu alijua. Aliipokea fedha ile kwa mikono miwili, akanikabidhi, na jioni hiyohiyo akazungumza tena kwa uchungu juu ya kijito kilichochimbuliwa. Mashamba yake ya iliki nayo yalikuwa chini ya miti ya msitu, mahali palipofyekwa vichaka ili mimea hiyo ipate nafasi, na wataalamu wa misitu walikwisha kuwaonya wakulima wa iliki kwamba ufyekaji huo huzuia miche ya miti isikue. Nimejaribu kupima madhara ya Babu na ya kaka yangu kwa mizani moja, na bado sijui kama ni haki kufanya hivyo. Tope la mmoja lilifika makutanoni likaonekana na kila mpita njia, na la mwingine, kama lilikuwapo, lilikuwa dogo mno kwa macho yetu.

Kaka yangu sasa analima migomba na mdalasini hukohuko juu. Anasema kijito alichokuwa akioshea udongo kimerudia weupe wake na samaki wadogo wameonekana. Nataka sana iwe kweli, na likizo ijayo nitampeleka mwanangu akakione, kisha akiongeze katika ramani yake pamoja na jina ambalo watu wa pale hukiita.