Picha ifike kabla wimbo haujaisha

Bendi ikiwa bado jukwaani, anayesimamia kurasa zao za mitandao ya kijamii anataka picha sasa hivi, si kesho asubuhi. Wengi wakipewa kazi ya namna hii huwaza kamera mpya. Kwa kawaida kamera haina kosa. Kinachochelewesha ni njia ya kupandisha picha mtandaoni, pamoja na tamaa ya kupandisha kila kitu.

Piga hesabu. JPEG kamili ya kamera ya megapikseli 24 hukaribia MB 10. Mtandao unaopandisha megabiti 5 kwa sekunde hubeba kama MB 0.6 tu kila sekunde, kwa hiyo picha moja hula sekunde 16. Ipunguze iwe na pikseli 2048 upande mrefu, ubora 80, mara nyingi itashuka chini ya MB 1 na kupanda kwa sekunde mbili hivi. Kwa skrini ya simu inatosha kabisa. RAW, yaani faili ghafi la kamera, ibaki kadi ya kwanza kwa kazi ya baadaye. JPEG ndogo iende kadi ya pili, na hizo ndizo zitumwe kwa mhariri anayezipokea.

Usiruhusu kamera itume kila picha inayopigwa. Ndani ya nyimbo tatu (wasanii wengi hawaruhusu zaidi ya hizo, tena bila flashi) unaweza kufikisha picha 400. Foleni ikijaa, ile moja nzuri inasubiri nyuma ya sitini zenye ukungu. Weka FTP ya kamera, yaani njia yake ya kutuma faili kwenye seva (kompyuta inayopokea picha), itume zile tu ulizochagua. Taa zinapozimwa kati ya wimbo na wimbo, pitia haraka ulizopiga, chagua mbili au tatu, kisha inua kamera. Ukianza kukodolea skrini huku mwimbaji anaruka, umepoteza picha.

Sasa mtandao. Jaribio la mchana, ukumbi ukiwa mtupu, hudanganya. Usiku maelfu ya watu wanarusha video kwa wakati mmoja, mnara unaelemewa, na simu yako itaonyesha vijiti vyote huku hakuna kinachopanda. Waombe waandaaji mapema kebo ya mtandao nyuma ya jukwaa au kwenye meza ya sauti, hakuna kinachoishinda. Ikikosekana, tafuta ruta inayobeba laini mbili za kampuni tofauti, uiweke juu ya vichwa vya watu, kwa sababu miili hunyonya mawimbi. Kati ya kamera na ruta tumia Wi-Fi ya GHz 5; ile ya 2.4 huwa imejaa kelele za vifaa vingine. Seva ikikubali kuunganishwa lakini faili haliendi, jambo la kwanza la kuangalia ni kama umewasha hali ya pasivu ya FTP, ambapo kamera ndiyo inayofungua njia ya kupitisha faili.

Kwa kuwa muda wa kuhariri haupo, JPEG itoke ikiwa karibu tayari. Taa za LED za bluu, nyekundu na zambarau huunguza rangi moja (inazidi mwanga hadi undani wake unapotea) hata kama picha nzima inaonekana giza, na JPEG iliyoungua hairudi. Angalia histogramu ya kila rangi (grafu ya mwanga kwenye skrini ya kamera), punguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu (stopu moja ni nusu au mara mbili ya mwanga), na ufunge mizania ya nyeupe, inayorekebisha rangi ya taa, kwenye namba moja ili mpangilio mmoja wa rangi ufae picha zote. Michirizi ikitokea, acha shata ya kielektroniki (isiyo na pazia linalosogea), rudi kwenye ya kawaida ya kimakanika.

Maelezo ya IPTC, yaani jina la msanii, ukumbi, tarehe na haki za picha, yaandikwe kabla ya onyesho. Mkiwa wapiga picha wawili, kila mmoja aweke herufi zake mwanzoni mwa jina la faili, la sivyo DSC_0412 ya mmoja itaifuta ya mwenzake kwenye seva. Saa za kamera zilingane hadi sekunde. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati. Ikienda kama picha inabanwa na maelezo yote yanapotea.

Wi-Fi hula betri vibaya, na kamera ikilala utumaji hukatika, kwa hiyo refusha muda wa kuzima. Kaa na kebo fupi ya USB-C mfukoni: Wi-Fi ya kamera ikigoma, chomeka kamera kwenye simu. Mtandao wote ukifa, toa kadi ya pili, mpe mtu aikimbize kwa mhariri.