Nondo wa garrigue: wiki ya nane

Kwanza niondoe utata. Nilipomwambia mama kwenye simu kwamba nafuga nondo, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, unajenga?" Hapana, mama. Nondo mdudu, yule anayezunguka taa.

Ninayemfuga ni Rhodometra sacraria. Mabawa yake yakitandazwa hayafiki sentimita tatu. Ni wa manjano ya nyasi kavu, na mstari mmoja wa waridi umekatiza kila bawa la mbele hadi nchani. Jike nilimpata usiku wa joto, kwenye shuka jeupe nililotundika mbele ya taa huku kaskazini mwa Montpellier, Ufaransa. Ni nchi ya garrigue: mawe ya chokaa, zaatari, rozmari, na mialoni mifupi yenye majani ya miiba inayochana suruali. Jamaa zake wengi wakitua hujibandika bapa ukutani. Huyu hukunja mabawa kama paa la nyumba, na hapo ndipo nilipomtambua.

Alitaga ndani ya kopo lenye vijiti vikavu. Viwavi wakatoka wembamba kama uzi, wanajipinda na kujinyoosha mithili ya mtu anayepima kitambaa kwa shibiri. Nawalisha Polygonum aviculare, gugu la kando ya njia linalokanyagwa na kila mtu. Wiki ya tatu nikafanya ujinga: niliosha majani, nikayaweka yakiwa bado yanachuruzika, nikafunga mfuniko. Ukungu ukatanda. Walikuwa 31, wakabaki 14. Siku hizi majani nayakausha kwanza, na mfuniko ni kipande cha chandarua.

Hao 14 nilikuwa nawasubiri kwa hamu wawe pupa, yaani wajifungie kabla ya kugeuka nondo, maana tangu mwanzo nilichotaka kukiona ni rangi. Kwa nondo huyu, joto analolipata akiwa pupa hubadilisha rangi ya mabawa. Nikawagawa: saba sebuleni, nyuzi 26, saba stoo ya chini ya nyumba, nyuzi 14. Wa sebuleni walitoka siku ya tisa, manjano hafifu, mstari mwembamba. Wa stoo kimya. Nikajua wameshakufa.

Juzi, wiki tatu kasoro siku, nimeshuka kuchukua viazi nikakuta wawili wananing'inia kwenye chandarua. Mstari umekolea, wekundu umemwagikia hadi kwenye manjano, na mmoja anakaribia hudhurungi. Watoto wa mama mmoja! Ningewakuta shambani ningeandika spishi mbili daftarini bila wasiwasi. Watano bado.

Nondo huyu yupo pia Afrika, hata kwetu Tanzania. Nimekulia Lushoto, na baridi ya Julai kule naijua, kwa hiyo nimemtumia mdogo wangu picha ili akague taa ya barazani, aone kama wa huko nao wamekolea. Amenijibu kwa picha ya mende.