Kumbukumbu ya mradi: kuwatenganisha kwera wa manjano katika bustani moja ya Kisumu

Miezi minne imepita katika kuorodhesha ndege wa bustani, na kazi iliyobaki ni ile ngumu: kwera, wale ndege wadogo wanaosuka viota. Ndege wengine wa bustani walimalizika mapema. Shore, tipitipi, tetere, kwarara wanaoamsha mtaa alfajiri, pasa wanaotambaa kwenye mipapai wakiburuta mkia, chozi kwenye maua ya mgomba: kila mmoja ana umbo au sauti isiyoleta ubishi. Kwera ndio waliojaza daftari alama za kuuliza. Mtaani wote ni "wale wa manjano". Wajaluo huwaita osogo, Waswahili huwaita kwera au mnana, na wakulima wa mpunga wa Ahero wana sababu zao za kuwaogopa kwelea kwelea na kumtia kila ndege msukaji katika kundi hilo. Huyu wa bustanini si kwelea. Dume la kwelea lina mdomo mwekundu na mwili wa rangi ya nyasi kavu, nao huzaliana kwa makundi makubwa mno vichakani, si katika mti mmoja wa uani.

Bustani ni robo ekari, upande wa mji unaoshuka kuelekea Dunga, penye kinamasi cha mafunjo kando ya Ziwa Victoria. Ukaribu wa kinamasi ni jambo la kuzingatia, kwa sababu kwera wa mafunjo huja mpaka bustanini kutafuta chakula.

Wiki ya 1 na 2: pa kukaa

Kosa la kwanza lilikuwa kutazama kutoka barazani asubuhi. Baraza linaelekea mashariki, mgunga wenye viota uko mbele yake, na jua linapiga machoni. Ndege akiwa kati yako na jua anageuka kivuli, na kwera wote wenye kichwa cheusi wanakuwa ndege mmoja. Kigoda kimehamishiwa upande wa pili wa mti, mita 14 kutoka shinani, jua likiwa mgongoni, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu. Baraza limebaki kituo cha jioni, kuanzia saa kumi.

Darubini ni 8x42, yaani inakuza mara 8 na lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 42. Ya 12x50 ilijaribiwa ikaachwa: mtetemo wa mkono nao unakuzwa mara 12, na eneo linaloonekana ni jembamba, ndege akihama tawi moja tu amepotea. Tena 42 ukigawa kwa 8 unapata duara la mwanga linaloingia jichoni la milimita 5.25, ilhali 50 kwa 12 ni milimita 4.2 hivi. Chini ya majani, alfajiri, tofauti hiyo inaonekana.

Wiki ya 3 hadi 6: jicho kwanza

Macho ya mtu hukimbilia kichwa cha kwera, kwa kuwa ndicho kinachovutia. Kisumu kichwa ndicho kinachopotosha, maana madume kadhaa ya spishi tofauti yana weusi usoni au kichwani. Utaratibu wa sasa ni huu na hauvunjwi: jicho, kisha mgongo, kisha kisogo, kisha mdomo. Kichwa kinaandikwa mwisho.

Jicho jekundu na mgongo wenye mabaka ya manjano na meusi: ni *Ploceus cucullatus* (majina haya ni ya kisayansi), mwenye koloni, yaani kundi la viota, la mgungani. Katika daftari anaitwa Mabaka. Huyu ndiye wa kumjifunza kwanza mpaka umchoke, kwa sababu wengine wote hupimwa kwake.

Jicho jekundu lakini mgongo wa dhahabu usio na baka hata moja, na tumbo la hudhurungi-nyekundu: *Ploceus jacksoni*. Kwa mbali anafanana na Mabaka. Anapogeuza mgongo, ubishi umekwisha.

Jicho jeusi au kahawia nzito, kichwa cheusi, mgongo wa kijani-manjano usio na mabaka, na ukosi wa manjano kisogoni kama kola ya shati: *Ploceus melanocephalus*. Hupenda karibu na maji.

Jicho jeusi tena, lakini ndege ni mdogo kuliko wote, weusi unaishia usoni na nyuma ya utosi ni manjano. Hapo mdomo ndio unaoamua: ni mwembamba kama wa ndege mla wadudu, si mnene wa kuvunja nafaka. Huyo ni *Ploceus pelzelni*.

Jicho jeupe, uso wa hudhurungi badala ya mweusi: *Ploceus castanops*, mwenyeji wa mafunjo. Jicho la manjano hafifu na mstari mweusi unaokatiza jicho kama fremu ya miwani: *Ploceus ocularis*. Huyu hana koloni. Wanatembea wawili wawili wakipekua majani kutafuta wadudu, na dume linajulikana kwa doa jeusi la kooni.

Walio Nakuru wafahamu kwamba orodha hii haiwatoshi. Huko wa kuanza naye bustanini ni *Ploceus baglafecht*: jicho la manjano hafifu, mgongo mweusi, nao hukaa wawili wawili. Jike lake lina utosi mweusi wote, ila dume lina paji la manjano, kwa hiyo usimhesabu jike kama spishi nyingine. Na walio Kakamega au Busia wakiona kwera mweusi mwili mzima mwenye jicho la manjano katikati ya viota vya Mabaka, wasidhani ni Mabaka aliyepungukiwa rangi. Ni dume la *Ploceus nigerrimus*, na kujenga pamoja na Mabaka ni kawaida yake.

Kinachoharibu utaratibu huu ni kivuli. Jicho jekundu chini ya jani linaonekana jeusi kabisa. Kurasa tatu za wiki ya 3 zilifutwa kwa sababu hiyo: "melanocephalus" wote walioandikwa kabla ya saa moja asubuhi walikuwa na mabaka mgongoni. Tangu hapo rangi ya jicho haiandikwi mpaka ndege ageuze kichwa juani mara mbili, au picha ithibitishe. Kwenye picha, punguza mwanga kwenye kamera kwa theluthi mbili ya hatua (alama ya −2/3), la sivyo manjano inaungua na mabaka yanapotea. Kasi ya 1/1000 ya sekunde inatosha kumkamata dume akipiga mbawa chini ya kiota.

Wiki ya 7: maji na nafaka

Sinia la udongo juu ya nguzo ya mita moja, maji kina cha sentimita 3 hadi 4, jiwe moja katikati. Liko mita 2.5 kutoka kwenye ua: karibu kiasi cha ndege kukimbilia, mbali kiasi cha paka kutofikia kwa mruko mmoja. Maji yanamwagwa kila siku bila kukosa. Kisumu ni nchi ya malaria, na maji yaliyosahaulika wiki moja ni kitalu cha mbu.

Nafaka ni konzi moja ya mtama asubuhi, basi. Zikimwagwa nyingi, zilizobaki huota ukungu usiku na panya huja.

Wiki ya 8 hadi 11: majike, na madume yaliyovua kanzu

Msimu ukipita, dume la Mabaka hupoteza kichwa cheusi na kufanana na jike. Jicho jekundu hubaki. Hii ndiyo faida kubwa ya kuanza na jicho: kanuni ya Machi bado inafanya kazi Julai. Jike lenye mdomo mwembamba na uso wa manjano safi ni la *pelzelni*. Mengine mengi yameandikwa "kwera, hajulikani", na hakuna aibu. Jina la kubahatisha linachafua orodha nzima kuliko nafasi iliyo wazi.

Wiki ya 12 hadi 15: viota

Viota vinahesabiwa Jumamosi kwenye mchoro wa mti: K kwa cha kijani, H (hudhurungi) kwa kilichokauka. Hesabu ya viota si hesabu ya ndege. Dume moja husuka vingi, likianza na pete, kisha chumba, na mlango ukitazama chini. Majike huja kukagua, na kiota kisichokubaliwa kikianza kunyauka dume hukibomoa na kusuka upya. Kwa hiyo kiota kilichoanguka si lazima kiwe kazi ya upepo au ya mwewe. Nyuzi zinatoka kwenye nyasi za nepia za jirani: ndege anang'ata ukingo wa jani, anaruka, na utepe unachanika naye.

Kiota kimoja kwenye mwembe kina bomba refu la kuingilia linaloning'inia. Hicho ni cha *ocularis*, na kilionekana kabla ya ndege mwenyewe.

Maganda ya mayai yaliyookotwa chini ya mgunga yalitaka kupotosha: mengine ya buluu, mengine meupe yenye vidoa. Si spishi mbili. Kila jike la Mabaka hutaga mayai ya rangi yake maisha yote, na rangi hutofautiana kati ya jike na jike, hivyo yai la mgeni hutambulika na kutupwa. Mgeni mwenyewe ni kekeo, ndege anayetaga katika viota vya wengine, *Chrysococcyx caprius*, mgongo wa kijani cha shaba, anayeita "di-di-di-didirik" juu ya waya wa stima. Amesikika wiki ya 14. Ngazi haiwekwi mtini kamwe: usumbufu humfanya jike kuhama kiota.

Orodha inakokwenda

Yote yanaingizwa Kenya Bird Map, ramani ya ndege wa Kenya inayojazwa na watazamaji, kupitia programu ya simu ya BirdLasser. Nchi imegawanywa miraba ya dakika 5 kwa 5 za latitudo na longitudo, takriban kilomita 9 kila upande. Orodha kamili inataka saa mbili au zaidi za kutazama kwa makini, inaweza kuendelea hadi siku tano, na spishi huandikwa kwa mfuatano wa kuonekana. Bustani peke yake haitoshi, kwa hiyo saa ya pili hutumika ukingoni mwa mafunjo ya Dunga.

Bado: picha ya *castanops* yenye jicho kwenye mwanga, na jike la *jacksoni*, ambalo mpaka leo liko chini ya "hajulikani".