Kufunga Kurasa za Chama

Leo nimeshinda kwenye mfumo wa chama cha akina mama wa Kayole, nikihakikisha hakuna ukurasa unaomfungukia mtu ambaye hajaingia kwa nenosiri lake. Humo mna michango, mikopo na faini. Mweka hazina aliniambia mapema: "Mwanangu, mtu akikopa, jirani asijue."

Django, zana ya Python niliyoujengea mfumo huu, ina njia yake ya zamani: unaandika @login_required juu ya kila fankisheni inayotoa ukurasa. Asiyeingia anapelekwa kwenye ukurasa wa kuingia, na anwani aliyokuwa akiiendea inabebwa ndani ya kigezo kiitwacho next, ili akishaingia arudishwe palepale. Njia ni nzuri, ila inategemea kumbukumbu. Ukurasa unaoongezwa usiku wa manane, stima zikipotea na kurudi, ndio unaosahauliwa. Na ukisahauliwa haulalamiki. Unafunguka vizuri tu, tena kwa kila mtu.

Ndiyo maana naipenda LoginRequiredMiddleware, kipande cha programu kinachokagua kila ombi kabla ukurasa haujafunguka, kilichokuja na Django 5.1 mwaka 2024. Unakiweka kwenye settings, yaani faili la mipangilio, chini ya AuthenticationMiddleware inayomtambua aliyeingia, na kurasa zote zinafungwa kwa mpigo. Ukurasa wa umma ndio unaoandikiwa ruhusa, @login_not_required. Nimeupa ruhusa hiyo ule wa mwanzo, wenye siku za mikutano. Sasa nikisahau, mtu atafungiwa nje, naye atanipigia simu. Afadhali hivyo.

Kilichonikalisha hadi jioni ni kingine. Anwani ya taarifa ya mkopo inaishia na namba: /mkopo/14/. Mwanachama aliyeingia kihalali anaweza kufuta 14 akaandika 15, na bila kinga nyingine ataliona deni la mwenzake. Nenosiri linathibitisha yeye ni nani. Halisemi anastahili kuona nini. Kwa hiyo mkopo unatafutwa kwa namba yake (pk) pamoja na mwenyewe:

get_object_or_404(Mkopo, pk=pk, mwanachama=request.user)

Kama si wake, anapata 404, yaani jibu kwamba ukurasa haukupatikana. Kumjibu kwamba hana ruhusa kungemthibitishia kuwa mkopo huo upo, na kwenye chama ambacho watu wote wanajuana, hata hilo ni siri iliyovuja.

Mweka hazina, ambaye lazima aone yote, nimemtengea ukurasa wake. Kesho nitampa katibu simu akiwa ameingia kama mwanachama wa kawaida, abadilishe namba mpaka achoke.