Kisigino changu na vidonge vya diklofenaki

Kwa miezi kadhaa mwaka jana niliogopa kushuka kitandani. Hatua ya kwanza ya alfajiri ilikuwa kama kukanyaga mwiba uliozama ndani ya nyama ya kisigino, nami nilikwenda msalani huku nikishika ukuta. Baada ya hatua kumi na kitu maumivu yalilegea, lakini yalirudi kila nilipokaa kusahihisha madaftari kisha nikainuka. Mimi ni mwalimu, nasimama juu ya sakafu ya saruji kutwa nzima, na viatu vyangu vilikuwa bapa kama chapati.

Katika duka la dawa la mtaani nilipewa vidonge vya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, vya miligramu 50, kimoja kutwa mara tatu kwa siku tano, bila kuulizwa kama nina vidonda vya tumbo au natumia dawa nyingine. Natumia dawa ya shinikizo la damu, na mimi mwenyewe sikusema. Siku ya tatu nilishuka ngazi za shule kama kijana. Kosa langu lilianzia hapo, kwa sababu zile siku tano nilizigeuza kuwa wiki sita, nikinunua karatasi moja baada ya nyingine kila kisigino kilipoamka.

Mwishowe kiungulia kilininyima usingizi na kipimo cha shinikizo kikapanda, nikaenda kwa daktari. Alibonyeza kwa kidole gumba sehemu ya ndani ya kisigino, pale unapoanzia ule utando mgumu unaoshikilia uvungu wa unyayo, nikaruka. Alinieleza kwamba diklofenaki, kama ibuprofeni, huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu na uvimbe, ila kemikali hizo hizo hulinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo. Ndiyo maana mtu mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu au shinikizo la damu hapaswi kujinunulia dawa hizi kiholela.

Lililonishangaza zaidi ni kwamba kwa ugonjwa uliokaa muda mrefu huenda uvimbe wenyewe haupo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003, uliochunguza vipande vya utando huo kutoka kwa wagonjwa 50 waliofanyiwa upasuaji, ulikuta nyuzi zilizochakaa badala ya dalili za uvimbe. Kidonge basi kilikuwa kikinituliza tu, huku mimi nikiendelea kuusimamia utando ule ule uliochoka, na kwa kuwa siumii, nikiusimamia zaidi.

Vidonge nilivisimamisha. Kila asubuhi, kabla mguu haujagusa sakafu, napitisha khanga chini ya vidole na kuvivuta kuelekea kwangu hadi unyayo na kigimbi vikakazana, nahesabu hadi kumi, narudia mara kumi. Jioni naviringisha unyayo juu ya chupa ya maji iliyoganda. Nilinunua viatu vyenye soli nene na kisigino kilichoinuka kidogo, ambavyo wanafunzi wanavicheka. Mwezi wa kwanza sikuona tofauti yoyote, nikakaribia kurudi dukani. Nafuu ya kweli ilikuja mwezi wa tatu.

Nikisimamia mitihani kwa saa tatu mfululizo, kisigino cha kulia bado hulalamika, na usiku huo, kwa ruhusa ya daktari, hupaka jeli ya diklofenaki, ambayo huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana kuliko kidonge.